Umebadilisha pawa saplai na kompyuta bado inazima? Hesabu sekunde kwanza

Wiki hii peke yake nimepigiwa simu tatu za aina moja kuhusu pawa saplai, lile boksi la ndani linaloigawia kompyuta umeme, "fundi nimeweka pawa saplai mpya, mashine inawaka alafu inazima", na kila anayepiga anataka niseme kitu kimoja tu, kwamba aliyemuuzia kampiga, ili atoke hapo akadai hela yake. Saa nyingine ni kweli kapigwa. Ila mi nimeshashika bisibisi hapa Mwanza muda mrefu na mara nyingi naikuta ile saplai mpya haina kosa lolote, kosa ni kitu ulichokigusa wakati unabadilisha, ama kitu kilichoiua ile ya zamani na hakijaondoka, kipo palepale kinaisubiri na hii.

Na sisemi hivi kwa ujuaji, nimelipia. Kuna mama mmoja ana stesheneri Nyegezi kule upande wa chuoni, kompyuta yake ya kuprintia ilitoa harufu ya kuungua ikafa, nikaenda, nikafungua, saplai kwisha habari yake, nikaweka mpya, ikawaka, nikachukua changu nikapanda daladala. Nafika Mkuyuni simu inaita. "Fundi, hii kitu imezima tena, na wanafunzi wamejaa hapa." Nikamwambia mama nakuja. Narudi, nawasha, inawaka vizuri kabisa, printa inatoa karatasi, mi natabasamu, baada ya dakika kama tatu hivi, puu, giza. Sikufikiria mara mbili, nikasema hii saplai mbovu, nikaenda mjini nikanunua nyingine kwa hela yangu, 45,000, nikarudi nikaifunga, dakika tatu, giza. Hapo ndo nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikaanza kufanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo, kuhesabu.

Kwa hiyo kabla hujafungua chochote chukua simu, fungua ile saa ya kuhesabia, ibonyeze pamoja na swichi ya kompyuta. Andika inazima baada ya muda gani. Zima ukutani, subiri kama nusu dakika, rudia. Fanya mara tatu. Huo muda ndo utakwambia ushike wapi, ukiuruka utabaki unabadilisha vifaa kwa kubahatisha na kila kifaa ni hela.

Angalia pia inazimaje. Ikizima kwa adabu, yaani Windows inaandika kwamba inafunga alafu ndo inakata, hiyo sio saplai, kuna programu au mpangilio umeamuru. Ingia Event Viewer, lile daftari la matukio la Windows, utafute namba 1074, itakutajia aliyeamuru. Ikizima ghafla kama mtu kachomoa waya, ukiwasha tena utakuta humohumo Kernel-Power 41, na hapo watu wanaruka wanadhani wamepata jibu wakati hiyo 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga, sababu yenyewe haiijui. Na wapo ambao mashine yao haizimi kabisa, inalala tu, taa inapepesa, ukigusa kibodi inaamka. Usicheke, mi nimewahi kwenda hadi Igoma kwa ajili ya hiyo.

Jaribio lingine la bure, washa alafu ingia bayosi, yaani ule ukurasa wa mipangilio unaokuja kabla ya Windows, kitufe chake kwa nyingi ni F2 au Delete, HP ni F10, kaa humohumo usiingie Windows, nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya nusu saa ikawa bado ipo hewani, basi umeme wa msingi upo na tatizo linakuja mashine ikianza kufanya kazi, yaani joto, mzigo au programu. Ikizima hata humo ndani ya bayosi, Windows haihusiki, usihangaike kupiga Windows upya kama wengi wanavyokimbilia.

Kabla ya kuingiza mkono chomoa waya ukutani, alafu bonyeza swichi ya kuwashia sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Saplai yenyewe usiifungue, humo ndani kuna kapasita kubwa ambayo kwa umeme wetu wa 230 inabeba zaidi ya volti 300 na inaweza kubaki nazo hata waya ukiwa umeshachomolewa. Na kama saplai yako ina kile kiswichi kidogo chekundu nyuma kimeandikwa 115 na 230, hakikisha kinasoma 230, maana kikiwa 115 ukachomeka hapa kwetu hutakuwa na tatizo la kuzima, utakuwa na tatizo la mlipuko.

INAZIMA HAPOHAPO, FENI INAZUNGUKA NUSU MZUNGUKO

Hii ni saplai inajilinda. Ndani yake kuna mlinzi, akiona kuna shoti mahali au umeme unavutwa kupita kiasi anafunga geti. Na akishafunga hafungui kwa wewe kubonyeza swichi ya mbele mara ishirini, nyingi zinataka ukate umeme wa ukutani kabisa, usubiri kidogo, ndo urudishe. Watu wengi wanaona mara ya kwanza ilizunguka kidogo mara ya pili hata kuzunguka haizunguki, wanasema tayari imekufa, kumbe imefunga tu.

Anza na zile plagi mbili kubwa. Ile ndefu ya pini 24 kwenye madabodi, lile bodi kubwa linalounganisha kila kitu, inatakiwa itoe kale kasauti "ka!" na kile kikulabu kikae juu ya mdomo wake, mara nyingi upande mmoja unaingia na mwingine unabaki nje milimita mbili, ukiangalia kwa juu unaona ipo sawa, ukipitisha ukucha unagundua haijafika. Alafu ile ya pembeni ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya pini 4 au 8, yenye waya za njano na nyeusi. Hii ndo inasahaulika kuliko zote kwa sababu imejificha kwenye kona juu, na bila hiyo feni zinaweza kuzunguka na kioo kisioneshe kitu, au mashine inawaka inazima inawaka inazima yenyewe.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Saplai za kisasa zina plagi mbili za pini 8 zinazofanana kama mapacha, moja ya prosesa na moja ya grafiksi kadi, ile kadi ya kutoa picha, na njano na nyeusi zimekaa kinyume. Ya prosesa inagawanyika 4 na 4, ya grafiksi kadi inagawanyika 6 na 2. Vitobo vyake vimekatwa tofauti ili zisiingiliane, ila kijana mwenye nguvu na haraka anaingiza chochote. Plagi ikigoma usiisukume, igeuze uiangalie.

Kosa lingine la namna hiyo ni kwa wenye saplai ambazo waya zake zinachomoka zote. Unatoa ya zamani, unasema aah waya za hadidiski zimeshapangwa vizuri nisihangaike, naacha zilezile nachomeka kwenye saplai mpya. Usifanye. Upande wa saplai hakuna utaratibu mmoja, kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka na hata kampuni moja toleo hili na lile zinatofautiana, kwa hiyo waya uliokuwa unapeleka volti 5 sasa unaweza kupeleka 12. Ukiwa na bahati saplai inafunga geti, usipokuwa na bahati hadidiski inaungua na picha za harusi zote humo. Saplai mpya, waya zake mpya, basi.

Kama plagi ziko sawa, tafuta skrubu. Saplai inafungwa na skrubu nne nyuma na mara nyingi moja inadondoka wakati unafunga, unasikia "ting", unaangalia sakafuni huioni, unachukua nyingine. Ile iliyopotea ipo nyuma ya madabodi imelala kwenye njia za umeme. Laza kesi, yaani boksi zima la kompyuta, kwa ubavu, itikise taratibu, sikiliza. Nimeshazitoa nyingi, na siku moja kwenye ofisi ya mfanyabiashara wa dagaa Mwaloni ilitoka skrubu pamoja na kichwa cha dagaa, usiniulize kiliingiaje.

Bado? Vua mashine. Chomoa hadidiski zote, DVD, grafiksi kadi kama prosesa inaweza kutoa picha yenyewe, vitu vyote vya USB mpaka mausi, acha ramu moja. Washa. Ikikaa, zima, rudisha kitu kimoja, washa, rudisha kingine, mpaka ukipate kinachoiangusha. Na zile tundu za USB za mbele ziangalie kwa tochi, kuna ulimi wa plastiki ndani, ukivunjika pini zinagusana na hiyo ni shoti tosha.

INAZIMA BAADA YA SEKUNDE NNE AU TANO, KILA MARA SAWASAWA

Hii ukiipata furahi, ni rahisi. Unajua ukishikilia swichi ya kuwashia sekunde kama nne kompyuta inazimwa kwa nguvu, sasa kama swichi imenasa ndani hairudi, mashine inadhani umeishikilia. Mashine za mtumba ndo zenyewe, plastiki ya swichi imechoka, na wakati unalaza kesi kubadilisha saplai imesukumwa. Fuata ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi mpaka kwenye madabodi, chomoa kale kaplagi kake kadogo, alafu gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi nusu sekunde tu uachie. Ikiwaka na ikakaa, umemaliza, tafuta swichi. Kuna jamaa namjua anatumia swichi ya kengele ya mlangoni ameitoboza pembeni ya kesi, na inafanya kazi mwaka wa pili huu.

Ila kama inazima ndani ya hizo sekunde chache na muda haulingani lingani, ruka uje kwenye joto, sehemu inayofuata, inawezekana lile libati la kupozea prosesa halijagusa kabisa.

INAZIMA BAADA YA DAKIKA, NA UKIIWASHA TENA HARAKA INAKAA MUDA MFUPI ZAIDI

Hapa ndo alikuwepo mama wa Nyegezi. Mara ya kwanza dakika tatu, nikaiwasha hapohapo ikakaa dakika moja na kidogo, nikaiwasha tena haikufika hata dakika. Tukaiacha ipoe, tukanunua maandazi, tukarudi, dakika tatu tena. Kitu cha umeme kibovu hakijui kama umetoka kula maandazi. Hiyo tabia ni ya joto, ikianza na moto uliobaki inafika kileleni mapema.

Nikaingia bayosi, kuna ukurasa unaonesha joto la prosesa. Kwa hali ya hewa yetu mashine iliyokaa tu humo ukiona 40 mpaka 55 ni kawaida. Ya mama ilianza 60, nikaitazama, 71, 78, 84, na hakuna mtu anayefanya chochote, feni inalia kama inataka kuruka. Prosesa nyingi za Intel zikifika kama nyuzi 100 zinaanza kujipunguza mwendo, joto likizidi hapo zinakata umeme zenyewe ili zisiungue, na zikikata hivyo ni ghafla, hakuna ujumbe, ni kama saplai imekufa. Ndo maana watu wanailaumu saplai.

Nikafungua, nikaweka kidole kwenye lile libati lenye mbavu linalokaa juu ya prosesa. Likacheza. Yaani lilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Yale ya Intel yana miguu minne ya plastiki, unaisukuma inalia "tak", na mmoja kati ya ile minne ulikuwa umetoka nje ya tundu lake. Nani kautoa? Mimi. Ile saplai ya zamani ilikuwa imebana, nikaivuta kwa nguvu na bunda la waya zake, bunda likapiga libati, mguu ukachomoka. Kwa hiyo saplai ya kwanza niliyoweka ilikuwa nzima na ya pili nzima, na mimi nimeshatoa 45,000.

Kwa hiyo wewe ukifika hapa shika libati kwa vidole viwili ulitikise. Halitakiwi kucheza hata kidogo. Kama linacheza usiishie kulisukuma tu, litoe kabisa, maana pesti, ile dawa ya kupitisha joto iliyo chini, ikishaachana haishikani tena vizuri, na kwa mashine za mtumba utaikuta imekauka kama udongo wa ukuta. Futa pande zote mbili kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka pesti mpya kama punje ya kunde katikati, rudisha libati, sukuma miguu kwa mshazari, mmoja huku na wa pili kona ya mbali, alafu pindua madabodi kama unaweza au chungulia kwa nyuma uone minne yote imetokeza.

Kabla hata ya libati lakini, angalia feni inazunguka. Saplai mpya zina waya ndefu kuliko zile fupi za kwenye mashine za ofisi, unazikunja unazipachika popote, moja inaingia kwenye mabawa ya feni inaisimamisha. Au kale kawaya ka feni yenyewe umekachomoa upate nafasi ya mkono ukasahau. Funga waya zako kwa zipu au hata kamba, ziende mbali na feni.

Alafu kuna kitu cha hapa kwetu ambacho video za mtandaoni hazikwambii. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoonekana kwa mbali kama moshi umesimama juu ya maji, usiku wanafuata taa, wanaingia ndani ya nyumba, na kompyuta iliyo karibu na dirisha inawavuta kwa feni. Ukichanganya na vumbi wanatengeneza kitu kama blanketi katikati ya mbavu za libati, kwa juu feni inaonekana safi kabisa, ukiitoa ndo unakuta godoro. Kwa wanaokaa Kirumba, Igombe, huko ufukweni wote, safisha kwa brashi na upepo kila baada ya miezi michache, na ukipuliza shikilia mabawa ya feni yasizunguke.

La mwisho kwenye joto, angalia feni ya saplai inatazama wapi. Kwenye kesi nyingi za zamani saplai inakaa juu karibu na prosesa, na feni yake ilikuwa inasaidia kunyonya hewa moto kutoka kwa prosesa na kuitoa nje. Ukiifunga kichwa chini miguu juu, feni inatazama bati la kesi, haipati hewa, haisaidii mtu.

INAZIMA UKIIPA KAZI

Ukiwa unaandika barua ipo poa, ukifungua gemu au ukianza kuhariri video, giza. Pima joto kwanza, programu kama HWMonitor au HWiNFO zinatosha na ni za bure, iache wazi huku unaipa kazi. Joto likiwa sawa na bado inazima, hapo sasa ndo naanza kuiangalia saplai kwa jicho baya.

Usisome ile namba kubwa ya kwenye boksi. Soma stika ya ubavuni, kuna jedwali dogo, tafuta +12V imeandikwa ampea ngapi, zidisha kwa 12. Saplai inajiita 500 alafu 12V ina ampea 18, hiyo ni wati 216 tu, na prosesa na grafiksi kadi zote zinakula hapo kwenye 12V. Mashine ya stesheneri yenye prosesa ya wati 65 na bila grafiksi kadi itakaa hapo raha mustarehe miaka. Ila dogo mmoja wa Kiseke alikuwa ameweka grafiksi kadi ya RX 580 ambayo peke yake imepangiwa wati 185, ikaongezeka prosesa na feni na hadidiski, na ile kadi haivuti kistaarabu, inakurupuka, gemu inafika kwenye mlipuko mashine inafika kwenye giza. Na saplai ukiibeba ikawa nyepesi kama boksi la biskuti, ujue ndani kuna hewa.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, iweke kwenye DC 20. Tafuta plagi ya hadidiski iliyo wazi, zile kubwa za pini nne, waya mweusi wa mita kwenye mweusi, mwekundu kwenye njano. Inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Waya mwekundu wa saplai kwenye 4.75 mpaka 5.25. La muhimu pima mashine ikiwa inafanya kazi, sio ikiwa imekaa tu, ukiona 12.1 inashuka 11.6, 11.3 alafu inazima, hapo una kesi na nenda kamtafute aliyekuuzia na video ya mita mkononi. Ile ya kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi uone kama feni inazunguka, inakuonesha saplai inawaka, haikuoneshi kama inaweza kubeba mzigo, wengi wanachanganya hapo.

UKUTANI

Inazima hovyo, saa nyingine asubuhi saa nyingine jioni, au mtu akipiga meza. Tikisa waya wa umeme pale unapoingia nyuma ya saplai, ule wa zamani huwa umelegea na haukamati vizuri kwenye saplai mpya. Badilisha waya, ni kitu cha bei ndogo. Alafu toa eksitensheni, toa UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, chomeka moja kwa moja ukutani ujaribu siku nzima.

Wenye stesheneri nawaomba jambo moja. Printa ya leza msiichomeke kwenye UPS pamoja na kompyuta. Printa ya leza ina kitu cha kuchemsha karatasi ndani, kikiwaka kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo za 650VA nyingi zinabeba kama wati 360 hivi, kwa hiyo printa inaamka, UPS inalia, umeme unayumba, na saplai ya kompyuta uwezo wake wa kuvumilia kukatika ni kama milisekunde 16 tu. Kompyuta inazima, printa inaendelea kutoa karatasi, na wewe unakuja kwangu na kompyuta. Kama kila ikiprinti ukurasa wa kwanza ndo inazima, usifungue hata skrubu moja, hamisha plagi.

Na ukijua umeme wa mtaa wako unashuka jioni watu wakiwasha majiko na pasi, muombe fundi umeme apime soketi muda huohuo wa jioni. Mchana itasoma 230 safi na mtaishia kubishana.

DELL NA HP ZA MTUMBA

Hizi zina sheria zao. Nyingi madabodi yake haina plagi ya 24, ina ya 8 au 6 ya kwao wenyewe, kwa hiyo ukiweka saplai ya kawaida unahitaji adapta, na adapta za bei ya kutupa zina waya nyembamba na pini legevu, zinapata moto, mashine inazima. Ishike kwa mkono baada ya dakika kumi, ikiwa ya moto itupe. Hakikisha pia adapta imeandikwa modeli yako, sio "inaingia" tu. OptiPlex nyingi, zile Dell za ofisini, zina kitufe kidogo nyuma kwenye saplai karibu na tundu la waya, ukikibonyeza ikiwa imechomekwa kataa kanawaka kijani, hiyo ni saplai inajipima yenyewe, ila ni saplai yake ya asili tu ndo inayo.

Ukiwa umefungua tupia jicho kapasita zinazozunguka prosesa, vile vikopo vidogo, vichwa vyake viwe bapa. Kikiwa kimevimba au kimetoa kitu cha kahawia, hata ungeweka saplai ya dhahabu.

Ukimaliza yote haya na bado, azima saplai ambayo unajua kwa macho yako inafanya kazi kwenye mashine nyingine, ifunge, ipe siku moja. Ikizima na hiyo pia, saplai yako iache iende kwa amani, tatizo mara nyingi ni madabodi. Mi ya kuazimisha ninayo, ile ya pili ya Nyegezi, duka lilikataa kuirudisha kwa sababu nilishaifunga, na mama alinilipa ya kwanza tu na ana haki. Ipo kwenye begi langu imefungwa na raba bendi, ndo naitembeza kupimia mashine za watu.